Moyo wa Mutoto Haungoji Uzee

Maneno ya muuguzi wa chama ku mukutano wa kila mwezi, hapa Kolwezi. Tumeyaandika karibu vile aliyasema.



Katibu ameniomba nisipite nusu saa juu kuko hesabu ya kufunga na kuko kilio cha Siku ya Posho iliyopita cha kuongelea. Basi nitaanzia hapo hapo, ku kilio.

Kila mutu hapa anajua namna kese yetu inafanya kazi. Mutu akifiwa, tunatoa. Muke akizaa, tunatoa kidogo. Sasa muombeni mutunza-kese awasomee daftari ya hii miaka ya mwisho, muone pesa nyingi imeenda wapi. Ku masanduku, ku gari ya maiti, ku unga na nyama ya kulisha watu wa kilio. Na wale tunazika hawakukuwa wazee wote. Kuko wa miaka arobaini na kitu, kuko wa hamsini haijafika. “Aliingia kuoga, akaanguka.” “Aliamuka asubui, mukono haisikie.” Munganga anasema tansio. Siye tunasema wamemuroga, juu alikuwa mutu wa nguvu, mutu wa mwili. Tunazika, tunakula, tunarudi ku lupango.

Leo sikuje kuongea juu ya ule mutu mukubwa. Nimekuja kuongea juu ya ule wa miaka 9 anayekaa hapa inje, andazi la tatu mukononi na Fanta mbele yake, na siye tunapita karibu yake tunasema: “Eh, mama yake anamuchunga muzuri!” Ugonjwa wa ule mukubwa unaanzia kwa huyu mudogo.

Ninajua hii neno ni nzito kwetu kuliko kwa watu wengine. Siye ni watu waliorudi. Kuko wale walitoka ku kambi za Zambia, Kala na Mwange, zile zilifungwa mwaka 2010. Kuko wale walifukuzwa hapa Kolwezi mwaka 1992 na 1993, wakapandishwa treni mupaka Kasai, kisha wakarudi polepole, moja moja. Kuko vijana waliojaribu Angola na Afrika ya Kusini. Kila mutu na njia yake, lakini njaa tunaijua wote. Mutu aliyepimiwa unga na kikombe hawezi kuona mashavu ya mutoto yamejaa na asifurahi. Na kukonda, kwetu, ni neno lenye maneno mengine ndani: ni ugonjwa, ni baba amekosa kazi, ni majirani watasema. Mutoto wa kunona njo barua yetu ya kuonyesha watu kwamba kurudi kwetu haikukuwa bure. Tena tunamupa na jina: “PDG”. Mutoto wa miaka 9, PDG!

Hata mji wenyewe ulitufundisha vile. Kolwezi ni mji wa kampuni tangu mwaka 1937. Union Minière ilikuwa inagawia wafanyakazi wake chakula, inapima watoto wao, juu ilitaka watu wa nguvu ya kuchimba leo na kesho. Hata ile siku tunaita Siku ya Posho, jina lake linatoka ku kugawa chakula. Kisha Gécamines: unga, masomo, hospitali, na wazee wakasema “Gécamines njo baba, njo mama”. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, kampuni nayo ikashuka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliambiwa wachukue pesa ya kuondoka na waende. Watoto waliozoea mufuko wa unga nyumbani wakaanza kula mara moja kwa siku. Leo cobalt imeleta pesa. Haikuletea kila mutu, na haileti kila mwezi, munajua vile muchimbaji anapata: juma hii mifuko inauzwa, juma tatu kisha hakuna kitu. Na pesa ya namna hii inaliwa kwa haraka, kuku na kazie ya soda siku ya kupata, chai kavu siku ya kukosa. Mwili wa mutoto unaandika zote mbili.

Najua mutu ataniuliza: mama, katika inchi hii watoto wako na njaa, na wewe unakuja kutuambia mambo ya unene? Ni kweli, uchunguzi uliofanywa Kongo yote mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba watoto 4 kati ya 10 wenye chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao, juu ya kula vibaya tangu tumboni. Lakini musifikiri kuko watoto wa njaa upande huu na watoto wa kunona upande ule. Mara mingi ni mutoto mumoja, njaa ilipita kwanza, unene ukamufuata.

Hapa niwaelezee kidogo, juu ni jambo lilianzia kwa wakunga, na mimi ninapenda kazi ikitoka kwa wakunga. Kule Uingereza, katika jimbo la Hertfordshire, tangu mwaka 1911 wakunga waliandika ku kitabu uzito wa kila mutoto akizaliwa, tena uzito wake akitimiza mwaka moja. Mukubwa wao alikuwa bibi mumoja, Ethel Margaret Burnside. Vile vitabu vikalala miaka mingi. Kisha munganga David Barker na wenzake wakavifungua, wakatafuta wale watoto walifika wapi, wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Mwaka 1989 wakatangaza: wale waliokuwa wadogo zaidi wakizaliwa na ku mwaka moja, njo waliokufa zaidi na ugonjwa wa moyo. Kisha mwaka 1999, watu wa Helsinki, Finland, wakaongeza kitu kinachotugusa siye kabisa. Walioko ku hatari kubwa ni wale waliozaliwa wakonde, lakini wakafika miaka 7 wamekuwa sawa na wenzao kwa uzito ao wamewapita.

Juu ya nini? Mutoto mwenye njaa tumboni anajifunza kubana. Figo zake zinajengwa na vichujio vichache, mishipa yake inakuwa migumu kidogo, mwili unazoea kuweka akiba. Kisha anatoka, anakuta mafuta, sukari na chumvi. Akiba inaenda ku tumbo. Zile figo chache zinashindwa kutoa chumvi, na tansio inapanda. Sasa fikiri mama aliyekimbia vita na mimba, ao binti aliyekulia kambini, leo naye ni mama hapa Kolwezi. Si kosa yake. Lakini mutoto wake inaomba aangaliwe zaidi, na siye tunafanya kinyume, tunamujaza.

Musinisikie vibaya. Mutoto mwenye chini ya miaka miwili aliyekonda inaomba alishwe, anyonye, apelekwe ku kilo, apimwe mukono na ule utepe wa rangi. Huyo usimupunguzie kitu. Na mama mwenye mimba akule. Ninaongea juu ya mutoto wa miaka mitano na kuendelea, ule ameshavuka.

“Lakini moyo ya mutoto iko na nguvu,” mutasema. Kuko mji mudogo Marekani, Bogalusa, katika Louisiana. Ulikuwa mji wa kampuni ya mbao na karatasi, vile huu wetu ni wa shaba. Mwaka 1973 munganga Gerald Berenson alianza kupima watoto wa pale, weupe na weusi, uzito, tansio, mafuta ya damu, na aliendelea kuwafuata wakikomaa. Wengine walikufa bado vijana, wengi kwa aksida, na wanganga wakaangalia mishipa yao. Mwaka 1998 wakaandika juu ya watu 204, wenye miaka 2 mupaka 39. Michirizi ya mafuta ilikuwa tayari ndani ya mishipa ya watoto. Na yule aliyekuwa na unene, tansio na mafuta ya damu pamoja, alikuwa na michirizi mingi kuliko yule mwenye kimoja tu. Mutoto hasikii kitu. Anacheza, anacheka, anaomba andazi lingine.

Ulimwenguni pote jambo linaenda vile. OMS inasema mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 mupaka 19 wenye uzito wa kupita kiasi walikuwa zaidi ya milioni 390. Na katika Afrika, watoto wa chini ya miaka mitano wenye unene wameongezeka karibu asilimia 23 tangu mwaka 2000. Tuache ulimwengu, turudi ku lupango.

Namna gani utajua mutoto wako amepita kipimo, na hauna mizani? Kamata kamba. Mutoto asimame ku ukuta bila viatu, upime urefu wake wote na ile kamba, ukate. Sasa kunja kamba katikati, ikuwe nusu. Zungusha ile nusu ku tumbo lake, usawa wa kitovu, bila kukaza, akiisha kutoa pumuzi. Kama miisho ya kamba inakutana, sawa. Kama haikutani, tumbo limepita nusu ya urefu wake, na mafuta yanakaa fasi mbaya, karibu na ini na moyo. Inafaa kuanzia miaka mitano, kijana ao binti, na haiombe hata franka. Wababa nao wajaribu nyumbani, mulango ukifungwa.

Sasa jikoni. Mama anapika sombe. Anatia mafuta ya ngazi. Anatia chumvi. Anatia Maggi mbili. Kisha anatia bitoyo, samaki aliyelala ndani ya chumvi tangu kule alivuliwa. Hiyo ni chumvi mara tatu ndani ya nyungu moja! Mutu mukubwa haiombe apite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai, kila kitu pamoja. Mutoto chini ya hapo. Na kile kipande cha supu, karibu nusu yake ni chumvi tu. Kipande cha gramu 10, gramu kama 5. Sikatazi sombe, mimi mwenyewe bila sombe siwezi. Lakini kama unatia bitoyo, uichemshe kwanza peke yake, maji umwange, na chumvi ya mukono uiache. Kama unatia Maggi, ikuwe moja, na chumvi usitie tena. Nyanya, kitunguu, tangawizi na pilipili kidogo vinafanya kazi. Juma ya kwanza watoto watalalamika. Ulimi wa mutoto unazoea, hata wa baba unazoea, lakini wa baba unachelewa.

Mafuta pia. Mandazi, mihogo ya kukaranga, kuku ya barafu ndani ya mafuta yaliyokaranga samaki jana na juzi. Karanga mara mbili kwa juma, siku zingine chemsha, choma. Bukari yenyewe si adui. Adui ni bukari mulima na mboga kijiko. Lengalenga, majani ya viazi, maharagi, ndagaa: mutoto akule hivyo vingi, bukari kidogo, ashibe.

Na soda. Chupa ya sentilita 33 iko na gramu kama 35 za sukari, ni vijiko saba vya chai. Mama gani hapa anaweza kutia vijiko saba katika kikombe cha mutoto na kumupa? Mutasema: hakuna. Lakini ikiwa na rangi ya machungwa na gesi, tunamupa mbili, tena mbele ya wageni kusudi waone. Munkoyo wa nyumbani ni muzuri, kama hautii sukari juu yake. Siku hizi wanatia. Maji yaliyochemshwa, yakapoa, njo kinywaji cha mutoto.

Ku mambo ya kucheza sitawalaumu sana. Siye tulienda masomo kwa miguu, kilometa tatu, ine. Leo barabara ni ya malori ya madini, vumbi inafunga macho, na muzazi mwenye akili anamupandisha mutoto pikipiki, kisha anamufungia ndani ya lupango, na televizio inamuchunga. Ninaelewa. Lakini mutoto wa masomo inaomba saa moja ya kutumikisha mwili kila siku. Asubui vumbi ikiwa chini, ao ku uwanja wa kanisa, ao ndani ya lupango, kamba ya kuruka haiombe fasi kubwa. Na wabinti, tafazali. Kijana wa miaka 12 tunamununulia mupira, binti wa miaka 12 tunamupa mutoto wa mudogo wake abebe. Mumuache acheze nzango! Ile kuruka na kurusha mguu nusu saa, hata mimi nikiangalia tu ninachoka.

Najua swali lingine linangoja, juu linakuja kila fasi ninaongea: “Mama, si cobalt hii?” Nijibu. Cobalt nyingi inaweza kuumiza moyo, ilionekana. Katika mji wa Quebec, Canada, mwaka 1965 na 1966, kampuni ya pombe ilitia cobalt ndani ya bia kusudi povu ikae. Walevi 48 wakagonjwa moyo, 20 wakakufa. Walikuwa watu wa kunywa sana na kula vibaya. Na hapa kwetu, Kasulo, fasi watu walichimba chini ya nyumba zao, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walipima damu na mukojo, wakaandika mwaka 2018: wakaaji wa kule wako na cobalt nyingi kuliko wa kartie ya karibu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi ku watoto. Kwa hiyo nguo ya mugodi isiingie ndani ya nyumba, mifuko ya madini isilale ku chumba cha watoto, mikono inawe mbele ya kula. Lakini yule anayesema “ni cobalt tu, ngoja serikali” anajipa pumuziko. Moyo ambao tayari unakula vumbi hauombe tena chumvi na sukari juu yake. Vumbi ya barabara siwezi kuizimisha leo. Soda ya nyumbani kwangu ninaweza.

Neno moja juu ya mutoto mwenyewe. Musimucheke, musimunyime chakula, musimulishe peke yake sahani ya mugonjwa wakati ndugu zake wanakula kuku. Nyumba yote ibadilike, ao muache. Na mara mingi mutoto anayekua haombe apunguze kilo: inatosha asiongeze kwa haraka, urefu utamufikia uzito. Bibi atalalamika kwamba munamuua mujukuu wake. Mukae naye, mumueleze kwa heshima, juu bibi njo anashika pesa ya mandazi.

Sasa tansio. Ku mutoto haina alama, haiumize kichwa kila mara, haionekani ku uso. Inaomba kupimwa, kuanzia miaka mitatu, hata mara moja kwa mwaka, zaidi ule wa kunona na ule aliyezaliwa mudogo sana. Kuanzia miaka 13, tunataka ikuwe chini ya 120 kwa 80. Ikifika 130 kwa 80 na kupita, na ikirudia siku tatu mbalimbali, ni ya kupeleka kwa munganga. Chini ya miaka 13 inategemea umri na urefu, kuko karatasi ya kusoma, ninayo. Lakini kitu kikubwa ni mukanda wa mashine. Mukanda mudogo ku mukono munene unatoa namba ya juu ya uongo. Mukanda wa mutu mukubwa ku mukono mwembamba unatoa namba ya chini ya uongo, na njo inatudanganya zaidi, mutoto anarudi nyumbani wanasema yuko muzima. Mashine moja, mikanda mitatu: mutoto, mutu mukubwa, mukono munene.

Kwa hiyo ninaomba kese inunue. Ninajua sheria ya chama, kese inafunguka mutu akishakufa ao akizaliwa. Mzee moja aliniambia hapa ku mulango: “Kese si hospitali.” Ni kweli, mzee wangu, si hospitali. Lakini mutunza-kese atawaonyesha bei ya sanduku moja, kisha nitawaonyesha bei ya mashine na mikanda yake, na muamue wenyewe kwa kuinua mikono.

Mukikubali, Siku ya Yenga ya pili ya mwezi unaokuja, saa ine asubui, tutapima watoto wote wa miaka mitano mupaka 17 hapa hapa. Kila muzazi akuje na kamba. Mutoto asikimbie mbele ya kupimwa, akae kimya dakika tano, miguu chini, mugongo ku kiti. Namba ya mutoto nitaiandika ku karatasi ya muzazi wake, sitaisoma mbele ya watu. Na ile kazie ya soda iko inje imekwisha kulipwa, basi tutaikunywa leo. Ya mwezi unaokuja, katibu aiweke ku mambo ya kuongelea.